Mama Amehamia Kwenye Hema

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanangu, na kwamba kile kifua cha mdogo wao kimepona. Sisi huku ni wazima. Baba anakohoa asubuhi kama kawaida yake, na akishakunywa chai kikohozi kinapotea. Mama ni mzima kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu najua ndilo lililokufanya uandike kwa haraka ile, hata salamu ukazisahau.

Umeniuliza ni kweli mama amechanganyikiwa, ameihama nyumba na analala kwenye hema kama mtu aliyefukuzwa. Umeuliza ameanza lini kusahau vitu, na kama baba amempeleka kwa daktari. Aliyekupa habari namjua bila kuambiwa. Ni Bibi Bomba, maana hakuna mwingine anayefika kwetu kunyonya mashimo ya vyoo na wiki hiyohiyo akafika mtaani kwenu. Yule mama namheshimu sana, na lori lake analiendesha vizuri kuliko wanaume wengi, lakini mdomo wake hauna breki. Hata hivyo hakukudanganya. Mama kweli analala kwenye hema. Ila akili yake iko mahali pake, na nataka uisikie habari yote kutoka kwangu kabla hujapanda gari kuja kumkalisha mama kitako na kumuuliza leo ni siku gani.

Utanisamehe mwandiko. Siku hizi siwezi kukaa mahali pamoja. Barua hii nimeianzia kwenye meza ya kufulia, sasa niko kwenye ngazi za bafu la wanawake nasubiri sakafu ikauke, na sijui nitaimalizia wapi.

Unaikumbuka nyumba yetu ilivyo. Chumba cha mbele ni mapokezi, na ukuta wa mapokezi ndio ukuta wa chumba cha kulala cha baba na mama. Jikoni unaingia kwa kupita nyuma ya kaunta. Tangu ulipoolewa hakuna kilichobadilika, isipokuwa wageni wameongezeka. Msimu huu viwanja vyote vya mahema vimejaa mpaka karibu na kijito, na wale wenye magari ya kulala ndani wamepanga foleni hadi kwenye tangi la maji. Na kila mmoja wao ana shida yake, na kila shida inagongwa kwenye dirisha la mama. Huyu anataka kiberiti. Yule karatasi za chooni. Mwingine maji ya moto yamemkatikia na ana sabuni kichwani. Mwingine jirani yake anakoroma, kana kwamba sisi tunaweza kumfunga mtu pua.

Baba unamjua. Ana masikio ya pampu. Pampu ikibadilisha mlio kidogo tu anaruka kutoka kitandani, lakini mtu akigonga dirisha hasikii. Anayeamka ni mama. Anayeacha sahani ni mama. Mimi nasaidia, sikatai, lakini wageni hawaniiti mimi. Wamezoea kumwita mwenye funguo, na lile furushi la funguo mama amelining'iniza kiunoni miaka mingi hata magauni yake yote yamechakaa upande mmoja.

Basi ilikuwa Jumapili, siku ya watu kuondoka. Unaijua Jumapili yetu. Mahema yanakunjwa, magodoro ya upepo yanatolewa pumzi, watoto wanalia, taka zinarundikana kama mlima. Mama alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Alasiri ndipo akaketi jikoni na sahani yake. Akagongewa, mtu anarudisha ufagio. Akaketi tena. Akagongewa, mtu anauliza kama tumeokota soksi ya mtoto. Akainuka, akatafuta soksi, haikuwepo, akaketi. Ndipo mgeni mmoja, bwana mwenye kofia ya majani, akaona mlango wa mapokezi uko wazi, akapita nyuma ya kaunta, akaingia moja kwa moja mpaka jikoni. Akaitazama sahani ya mama, akauliza kama huwa tunauza na chakula.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo. Nilidhani mama atamfokea. Hakumfokea. Alimwambia kwa upole kwamba hatuuzi. Bwana akashukuru, akaenda zake. Mama akaifunika sahani, akanawa mikono, akaelekea stoo.

Alitoka na lile hema la kahawia ambalo wageni fulani walituachia kwa sababu zipu yake ilikuwa mbovu, na zipu mama mwenyewe alishaishona. Nikadhani anataka kulianika jua liue ukungu. Lakini juu ya toroli alikuwa amepakia pia godoro, blanketi, beseni, na kiti cha kukunja. Akalisukuma toroli mpaka kiwanja cha mwisho kabisa, kule kijito kinapopinda. Dada, hujawahi kumwona mama akisimamisha hema, maana kwa miaka yote ile kazi yake ilikuwa kusafisha walipotoka wengine. Alilisimamisha peke yake, vigingi akavipigilia kwa kisogo cha shoka, kamba zikakaza kama za gitaa. Wageni wanagombana mpaka wanataka kuachana kwa ajili ya hema dogo kuliko lile.

Kisha akapanda mpaka mapokezi. Akasimama upande wa wageni. Baba alikuwa nyuma ya kaunta anatafuta miwani yake.

"Nataka nafasi," mama akasema.

"Nafasi ya nini?"

"Ya hema. Mtu mmoja."

Baba akacheka, na kwa mazoea tu akauliza, "Kwa siku ngapi?"

"Sijui bado. Nikichoka nitakuambia."

Akalifungua furushi la funguo kiunoni, akaliweka juu ya kaunta, akatoka. Baba aliendelea kucheka kidogo peke yake, halafu akazitazama zile funguo, na kicheko kikamkauka.

(Nimekatizwa. Kuna familia imefika na gari lenye mahema mawili na mbwa ambaye hawakusema watakuja naye. Sasa niko langoni.)

Siku ya kwanza baba alijipa moyo kwamba ni hasira tu, itapita. Baada ya hapo kazi ikaanza kumfundisha. Yeye ni mtu wa mabomba na mbao na injini ya kukata nyasi. Hajawahi hata mara moja kuosha bafu la wanawake. Ilimbidi asimame nje aite, "Kuna mtu?" kwa sauti ya mtu anayeuza kitu, na wanawake wote waliokuwa ndani wakamjibu kwa pamoja, akarudi nyuma nusura aangukie ndoo. Dawa ya kuondoa madoa ilimrukia, na suruali yake ya kijivu sasa ina mawingu meupe mpaka magotini. Nywele zilizoziba karo alizitoa kwa koleo la waya, uso ameugeuzia pembeni, akaniambia hajui wanawake wanabaki na nini kichwani.

Na alihamia upande wa kitanda ulio karibu na dirisha, kwa sababu ndiko alikoziweka funguo. Asubuhi moja aliniuliza, "Hivi hawa watu huwa wanagonga namna hii kila siku?"

"Kila siku, baba."

Hakuuliza tena.

Mama naye aliishika nafasi yake ya ugeni barabara. Asubuhi anakuja na taulo begani na mswaki ndani ya kikombe, anapanga foleni ya bafu pamoja na wengine. Akitoka anakwenda kuketi mbele ya hema lake, miguu ndani ya beseni, anatazama maji ya kijito. Ndivyo Bibi Bomba alivyomkuta. Aliniambia alimwuliza kulikoni, na mama akamjibu, "Nimehama," kisha akamkaribisha chai. Mwenye kuusikia mkasa huo kwa mdomo wa Bibi Bomba lazima ashike kichwa, sikulaumu.

Halafu mama akaanza kulalamika. Alikuja mapokezi mchana, wageni wamejaa, akasubiri zamu yake. Akasema bafu la mwisho halitoi maji ya moto, linatoa ahadi tu. Akasema komeo la choo cha tatu halifungi, mtu anajisaidia huku ameushika mlango kwa mguu. Akasema koki ya kule kijitoni inadondosha maji na hailali.

Baba akainama juu ya kaunta akamnong'oneza, "Lakini mambo haya unayajua miaka yote."

"Nimeyajua miaka yote," mama akasema, bila kunong'ona. "Leo nalalamika."

Wageni wengine wakaunga mkono. Baba aliyatengeneza yote kabla jua halijazama. Komeo aliloweka lingeweza kufunga benki.

Pembeni ya mama kuna mzee mmoja na mkewe, wamestaafu, wanazunguka na gari lao lenye kitanda ndani. Walimpenda mama sana. Hawakujua yeye ni nani. Siku moja mkewe yule mzee akamwambia mama kwa masikitiko kwamba kambi hii ni nzuri lakini mwenye nyumba wa kike haonekani, yule baba wa watu anahangaika peke yake na binti yake, na binti mwenyewe anatembea kama aliyekalia siafu. Mama alinisimulia huku machozi ya kicheko yanamtoka. Mimi nilicheka pia, lakini lile la siafu liliniingia.

Kwa sababu ni kweli, dada. Unajua tangu utotoni mliniita kiguu na njia. Mimi ni mtu ambaye kila Jumapili anawaona wenzake wakifunga mizigo. Nawafungulia lango, nawapungia mkono, halafu nashika reki nakwenda kusawazisha pale walipolala, nyasi za manjano zenye umbo la hema, mpaka iwe kana kwamba hawakuwahi kuwepo. Ijumaa wanakuja wengine. Nimejifunza lafudhi zao, nimejifunza kukisia wanatoka wapi kwa matope ya magurudumu yao. Lakini ukiniuliza barabara ile inayopita langoni petu inakwenda wapi baada ya mji wa pili, sikuwa na jibu langu mwenyewe.

Nirudi kwa baba. Kilichomshinda si kazi, ni aibu. Wageni wa kila mwaka walianza kumuuliza kwa adabu ile inayouma. Akashuka kule kijitoni, spana mkononi ili aonekane amefuata koki. Nilikuwa nafyeka karibu, niliyasikia. Alimwambia mama watu wanacheka. Mama akauliza ni nani anayecheka, maana yeye anakaa nao na hajamwona. Baba akasema mke wa mtu halali kwenye hema na nyumba ipo. Mama akamwambia, "Keti basi." Baba hakuketi. Alirudi juu, akaipiga teke ndoo iliyokuwa njiani, ikavingirika mpaka kwenye hema la watu, ikambidi aifuate na kuomba radhi.

Jioni akaniagiza mimi. Akasema mimi ni mtoto wa kike, mama atanisikiliza, niende nikampe akili. Nikajikaza, nikachukua chupa ya chai, nikashuka.

Mvua ilikuwa imeanza. Mama akafungua zipu akanivuta ndani, tukaketi juu ya godoro magoti yamegusana, mvua inapiga turubai juu ya vichwa vyetu. Ndani kulikuwa safi. Blanketi limekunjwa, tochi imening'inizwa, viatu viko kwenye mfuko wake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yote yakaniishia. Nikamwuliza tu, mama, huku unapata nini.

Akamimina chai. Akasema kitu ninachokuandikia kama alivyokisema: "Hema halina mlango wa kugonga."

Kisha akaongea. Alisema yeye hana ugomvi na baba. Hajachoka na kazi. Kazi ataifanya mpaka mikono ikatae. Lakini tangu aolewe hajawahi kukaa kwenye chumba ambacho mtu baki hawezi kuingia. Alituzaa sisi wawili huku watu wanauliza gesi dirishani. Siku tuliyomzika bibi, mgeni aligonga kuuliza kama tumefunga. Kila alipomwambia baba watenganishe nyumba na mapokezi, baba alimjibu msimu ukiisha. Na misimu, akasema, haijawahi kuisha, inapokezana tu.

Nilipanda juu nimelowa. Baba alikuwa anasubiri kwenye kibaraza. Nilimwambia yote, hata lile la bibi. Aliniuliza kama mama ametaja neno la kuondoka kabisa. Nikamwambia hapana, anataka nyumba iwe nyumba. Baba akaingia ndani. Nilimsikia anatembea kutoka mapokezi mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka mapokezi, kama mtu anayepima kwa miguu.

Asubuhi alipokuja mgeni wa kwanza alikuta hakuna kaunta. Baba alikuwa ameing'oa. Ilikuwa imelala uwanjani miguu juu, na yeye yuko langoni na mbao na msumeno, anasimamisha nguzo za kibanda. Alijenga kwa siku kadhaa, jua linamchoma kisogo, na wageni waliokuja kuuliza kiberiti aliwaonyesha kwa msumeno kwamba wanisubiri mimi. Mama alizisikia nyundo. Hakupanda kuja kutazama hata mara moja. Nami nilikuwa natembea kati ya hawa watu wawili kama barua isiyo na anwani, juu, chini, juu, chini, nimebeba salamu ambazo hakuna aliyenituma.

Kibanda kilipokwisha, baba akaoga, akavaa shati safi, akashuka kijitoni kumwarifu mgeni wa kiwanja cha mwisho kwamba mapokezi yamehamia langoni. Mama akaja naye. Akakizunguka kibanda, akagusa mbao, akaingia, akaketi kwenye stuli. Akasema dirisha limeelekea vibaya, jua la alasiri litamkaanga. Baba akashika nyundo palepale akaanza kuling'oa dirisha, na nikamwona mama ameuma mdomo ili asicheke.

Ile nyumba, dada, ungeiona. Chumba cha mbele kimekuwa chumba cha mbele. Tumeweka makochi pale palipokuwa na rafu za mitungi ya gesi. Mlango tunaufunga. Mara ya kwanza tulipoufunga mimi na baba tulikaa ndani tukatazamana, hatujui tufanye nini.

Nilidhani mama atarudi siku hiyo. Hakurudi. Akaendelea kwenda bafuni na taulo begani. Baba akawa haelewi, lakini hakukasirika tena. Kila siku akimaliza kazi anashuka kule, na huketi, wanaongea mpaka wanasahau chai. Mimi ndiye niliyeanza kukosa subira. Wiki iliyopita nilimfuata nikamwambia mama, kibanda kimejengwa, mlango unafungwa, sasa unangoja nini?

Akasema, "Nakungoja wewe."

Hapa ndipo ilipo habari yenyewe, dada, na nimezunguka kurasa zote hizi kwa sababu naiogopa. Unakumbuka nilikuandikia kwamba siku hizi mimi ndiye ninayekwenda mjini kuchukua mitungi ya gesi, na kwamba foleni ni ndefu ndiyo maana nachelewa. Foleni haikuwa ndefu. Nilikuwa nakwenda na Bibi Bomba. Mwanzo nilimsaidia kushika mpira wa kunyonyea, kwa sababu tu nilitaka kukaa kwenye kile kiti cha juu na kuona barabara. Kisha siku moja kwenye uwanja wa kumwagia maji taka, hakuna mtu, akashuka, akaniambia panda upande huu. Injini ilinizimikia mara nyingi mpaka nikaona haya. Lakini lilipoondoka, lori zima, na mimi ndiye niliyeliondoa, mwili wangu ulitulia. Sijui nikuelezeje. Miguu hii isiyotulia ilitulia.

Kuna kampuni huko mjini kwenu inayobeba mizigo ya masafa marefu, inachukua watu inawafundisha udereva wa malori makubwa. Bibi Bomba aliniambia. Nilikwenda kufanya majaribio, nikawaaga nyumbani kwamba nafuata gesi. Wamenichukua. Jibu lilinifikia kabla mama hajahamia kwenye hema, na nikalikalia kimya, kwa sababu ningemwachaje mama na kazi ile? Nilikuwa nimeshakata kauli kuwaandikia kwamba siendi.

Mama alijua. Bibi Bomba hakumwambia, maana ajabu ya yule mama ni kwamba siri ya kweli anaitunza. Mama aliona tu. Aliniambia mtu aliyetoka kuchukua gesi hanuki mafuta ya dizeli wala harudi anaimba. Akasema alitoka nyumbani siku ile kwa sababu ya sahani yake, hilo asinidanganye. Lakini alipokwisha kulala huku siku mbili tatu akamwona baba anajifunza kuosha bafu, akaona kumbe inawezekana. Akaamua akae mpaka baba azoee kazi ya mama, na kisha yangu. Akasema, "Nikirudi leo utaniona naelemewa, na huruma itakufunga hapa. Mimi nilikuja kwenye kambi hii nikiwa na umri wako, nimepewa kazi ya usafi kwa msimu mmoja. Nikampenda baba yako nikabaki, na sijutii. Lakini nilibaki kwa kupenda. Wewe usibaki kwa kunionea huruma."

Nililia, dada. Yeye hakulia. Alinipa taulo lake.

Kumwambia baba ilinichukua siku nzima. Nilimfuata kwenye pampu nikashindwa. Nikamfuata kwenye mashine ya nyasi, nikamsaidia kubadilisha kisu kilichovunjwa na kigingi cha mtu, nikashindwa. Mwishowe nilimwambia tukiwa tunapakia mitungi mitupu kwenye pikapu. Nilisema yote kwa pumzi moja, nimeushika mtungi kifuani kama mtoto. Baba akauchukua ule mtungi, akaulaza na mingine, akafunga kamba. Akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akanirushia, akaenda kupanda upande wa abiria.

Wewe unajua baba hajawahi kuendeshwa na mtu katika gari lile. Hata shemeji alipoomba siku ya harusi yenu alimnyima. Niliendesha mpaka mjini na kurudi. Kwenda, hakufungua mdomo. Alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja na kutazama mbele. Tulipokuwa tunarudi, mitungi imejaa, tukaufikia ule mteremko mrefu kabla ya lango letu. Ndipo akasema, "Unakanyaga breki mapema mno. Ukiwa na mzigo shuka kwa gia, breki uiache ipumzike." Nikashuka kwa gia. Akatikisa kichwa kukubali, akageukia dirishani, na hakunigeukia tena mpaka tulipofika.

Kwa hiyo nakuja, dada. Mafunzo yanaanza mwezi ujao, na nakuomba unipe mahali pa kulaza ubavu kwa muda mfupi, mpaka nipate chumba. Nitakusaidia na watoto, na kwa usafi unajua sina mpinzani. Kama hutaki, au nafasi ni ndogo, niambie wazi, sitanuna. Na kama bado unataka kuja kumwona mama, njoo, lete na watoto, wakalale naye kijitoni. Usije tu na daktari. Atarudi nyumbani lini, hilo hakuna ajuaye. Anasema siku nitakayopanda gari ndiyo siku atakayoangalia kama makochi yamekaa vizuri.

Jana, katikati ya siku ya kazi, niliwaona yeye na baba wakitembea kandokando ya kijito kwenda juu, ambako hakuna koki wala tangi la kutengeneza. Hawakubeba kitu. Nikabaki langoni peke yangu na kambi nzima.

Sijui kama ninafanya vizuri. Naogopa barabara, na naogopa kubaki. Lakini nimeshawaandikia kwamba nitafika.

Nisalimie sana shemeji, umwambie asicheke kwanza mpaka anione nikiegesha. Wabusu wanangu, mwambie mkubwa nitampandisha kwenye lori siku nikiruhusiwa. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Baba naye anakusalimu. Amesimama hapa dirishani pa kibanda ananiuliza naandika nini kirefu hivi, na kama kuna mtu aliyeona brashi ya bafu la wanawake.

Akupendaye siku zote,
mdogo wako, kitinda mimba wa kambini.